Nyayo za Unga wa Mchele Kule Northfield

Siku niliporudisha beji na funguo, vijana wa ofisini walinipa keki, kadi na ombi: niwaandikie yale niliyojifunza katika miaka kumi na minne ya kuingia nyumba za watu. Keki ilikuwa kavu lakini ombi lilinigusa, na mstaafu akiombwa maneno hajui kukataa. Mshahara sitautaja kwa kuwa mnaujua. Vyeo pia sitavitaja, maana sikuwahi kupata hata kimoja kinachostahili sentensi.

Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwavisha, kuwapa dawa kwa saa zake, kuwapikia, kisha kukimbilia basi la kwenda kwa mwingine. Nilianza mwezi wa Januari. Nilishuka treni Selly Oak, hapa Birmingham, Uingereza, nikiwa nimevaa sare iliyonipwaya na viatu vya kanisani, nikateleza kwenye barafu mbele ya wanafunzi wa chuo ambao walikuwa hata hawajalala. Waliniinua kwa heshima zote, wakacheka nilipofika mbali kidogo. Nawashukuru kwa kusubiri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Beya, Mkongo wa Lubumbashi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia. Mzee wetu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyetaka yai la dakika nne, si tatu, si tano. Nilipomgusa bega ili nimvue shati, alipiga kelele. Mama Beya alinivuta kando.

"Mikono yako ni baridi kama samaki," akasema. "Uweke kwa maji ya moto kwanza. Unataka kumuua papa ya watu?" Papa kwao ni baba.

Hilo ni somo la kwanza, lishikeni. La pili ni viatu vyenye soli ya mpira. La tatu ndilo ninaloandikia haya yote. Kila nyumba ina folda ya bluu, mara nyingi karibu na birika la umeme, na kabla ya kuondoka unaandika humo mteja amekulaje, amelalaje, ana hali gani. Mama Beya alinishika kidole kama mtoto wa chekechea, akakigongesha juu ya ukurasa.

"Hapa uandike kile macho iliona. Kile kichwa inawaza, uache kwako."

Nikaitikia, ndiyo Mama. Niliifuata kanuni hiyo miaka kumi na mitatu. Kisha nikaivunja Alhamisi moja, na nusura nimtoe mwanamke mzima na akili zake nyumbani kwake.

Msidhani sikuwa na kesi ngumu kabla ya hapo. Kulikuwa na baba mmoja aliyejifungia bafuni kila Ijumaa hadi umletee tai, kwa sababu Ijumaa ilikuwa siku ya kwenda kucheza dansi na mke aliyekwisha kufa. Nilijifunza kufunga tai kupitia upenyo wa mlango. Kulikuwa na bibi aliyenirushia uji, akakosa, akaomba tujaribu tena. Hao niliwamudu. Kesi iliyonishinda ilikuwa ya mtu mpole kuliko wote.

Alikuwa Mhindi wa Odisha, mashariki ya India, watu wanaoitwa Waodia. Umri wake ulikaribia themanini, mjane, akiishi peke yake Northfield katika nyumba ndogo nyuma ya maduka. Nilipangiwa kwake mwanzoni mwa Novemba 2018, baada ya kuanguka bafuni na kuvunjika kiwiko cha mkono wa kulia. Nilijiandaa kwa Kiingereza changu cha taratibu. Yeye alisoma beji yangu, akaniangalia juu hadi chini, akasema kwa Kiswahili:

"Nafula. Wewe iko mtu ya Bungoma. Ulizaliwa wakati ya mvua."

Nikaangalia beji yangu kama inasema hayo yote.

"Mimi nilinunua nyanya kwa Nafula watatu," akaendelea. "Wote iko mwizi. Ingia, funga mlango, baridi."

Kumbe mume wake alikuwa mhandisi wa kiwanda cha sukari upande wetu wa Magharibi mwa Kenya kwa miaka ishirini. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza lugha sokoni, kwa akina mama wenye maneno, kwa hiyo Kiswahili chake chote kilikuwa cha kupatana bei. Ukimwambia anywe vidonge vinne anakuambia, "Punguza." Ukimwambia jua limetoka anauliza, "Mpaka saa ngapi?" Alitaka nimwite Mausi, yaani mama mdogo kwao, ingawa kati yetu pengo lilikuwa miaka kumi na tano tu. Nikamwita Mausi.

Sasa, Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Nilifika saa mbili asubuhi, giza bado halijaisha vizuri. Nikasikia maji bafuni juu. Mausi alikuwa ameamka na kuanza kujioga mwenyewe, jambo lililokatazwa na mpango wa huduma. Nikawasha taa ya ukumbini. Sakafuni, tangu mlangoni hadi jikoni, kulikuwa na mabaka meupe, mabaka kwa mabaka, kama mtu aliyebeba sufuria ya uji huku akiyumba. Mimi nani, na viatu vyangu vya mpira? Sakafu chafu ni mzee aliyeanguka. Nikachukua tambara na ndoo, nikapiga magoti, nikafuta yote. Nilifuta vizuri sana. Kama kuna zawadi ya kufuta, ningeipata.

Mausi akashuka ngazi akiwa na sari safi, nywele zimelowa. Akaona sakafu inang'aa. Akakaa kwenye ngazi ya mwisho.

"Umefukuza yeye," akasema.

"Nimemfukuza nani, Mausi?"

"Alikuwa karibu kuingia. Alikuwa kwa mlango."

Nikafungua mlango. Nje palikuwa na mapipa ya taka na paka wa jirani. Nilipogeuka, Mausi alikuwa jikoni mbele ya kopo kuukuu la bati lililojaa mpunga wenye maganda, limevikwa kitambaa chekundu, limewekwa juu ya kigoda. Alikuwa ameliinamia analisemesha polepole. Nilipomuuliza kama yuko sawa, alinijibu kwamba leo hakuna kitu kitakachotoka nyumba hii, hata punje.

Nilikuwa na dakika sita za kuwahi basi. Nikaandika kwenye folda ya bluu: *Mteja amemwaga uji ukumbini. Anasema kuna mwanamke mlangoni. Anaongea na kopo la nafaka. Amechanganyikiwa.*

Mistari minne. Ningeishia pale macho yalipoishia, nisingekuwa na la kuwasimulia leo.

Ofisi ikasoma, ikampigia mwanawe wa pekee, Sanjay, daktari wa meno huko Leicester. Sanjay alikuwa kijana mwema, anayempenda mama yake kwa simu tatu kwa siku, na tangu mama aanguke alikuwa hapati usingizi. Neno "amechanganyikiwa" lilimmaliza. Akatafuta nafasi katika nyumba ya wazee upande wa Perry Barr, akaambiwa ipo kuanzia Januari. Ikapangwa tathmini: afisa wa ustawi wa jamii angekuja Alhamisi ya tarehe ishirini Desemba kuona kama Mausi anaweza kuendelea kuishi peke yake. Asipoweza, nyumba ifungwe.

Mimi niliambiwa kwa simu, nikiwa kituo cha basi. "Asante kwa kuwa makini," wakaniambia. Nikajisikia mtu wa maana sana mpaka Jumatano iliyofuata.

Jumatano hiyo nilikuwa na zamu ya mchana kwa Mausi. Nilimkuta ameloweka mchele, ameusaga, sasa anaukoroga na maji kwenye bakuli. Akaniangalia kwa jicho la sokoni.

"Kesho ukifuta, mimi nakata wewe mkono."

Akaniketisha akanieleza. Mwezi ule kwao unaitwa Margasira, mwezi wa baridi baada ya mavuno. Kila Alhamisi ya mwezi huo wanawake wa Kiodia humkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema na nafaka. Nyumba husafishwa, halafu huchorwa nyayo ndogo kwa maji ya unga wa mchele, zikielekea ndani, ili ajue njia. Nafaka mpya hujazwa katika kipimo, na kipimo hicho ndicho kiti chake. Kipimo cha Mausi cha asili kilipotea walipohama Kenya, kwa hiyo tangu hapo Lakshmi wa Northfield amekuwa akikalia gorogoro, lile kopo la kilo mbili la kupimia mahindi, alilolinunua Bungoma kwa Nafula mwizi namba mbili. Mpunga ulitumwa na dada yake kutoka Cuttack, mji wa kwao, kwa posta. Sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba. Hawa wenzetu wanakivisha kibaba nguo na kukipigia magoti.

"Zile mabaka," nikasema kwa sauti ndogo, "zilikuwa nyayo?"

"Mkono ya kulia imevunjika. Nilichora na kushoto." Akakunja uso. "Ilikuwa mbaya sana?"

Nikasema hapana. Nilidanganya.

Na kuna kisa kinachosomwa siku hiyo, akanieleza akikoroga. Mungu yule alipita mtaa mzima alfajiri, nyumba kubwa zote zimelala, zimejaa vumbi. Akaingia kwa mwanamke mfagiaji, mtu ambaye hakuna aliyetaka hata kivuli chake kimguse, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa safi. Nilisikiliza nikiwa na tambara mkononi, nikiwaza ile mistari yangu minne.

Ningesema palepale. Sikusema. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu, faili langu halina doa, na nilijiambia kwamba tathmini itajionea yenyewe. Nilipiga simu ofisini, nikauliza kwa mbali kama maandishi ya zamani yanaweza kurekebishwa. Wakasema kilichoandikwa hakifutwi. Sakafu ya watu niliifuta kwa dakika kumi, mistari yangu minne ikakataa katakata. Nikaona aibu, na aibu ile nikaifanya sababu ya kunyamaza. Alhamisi ya pili na ya tatu nilifika, nikaruka nyayo kama mtoto anayeruka madimbwi, nikaandika *hali nzuri*, nikaondoka.

Hizo Alhamisi nyumba ilinukia ajabu. Mausi alipika khiri, yaani wali uliochemshwa kwenye maziwa mpaka ukalegea, na madonge ya unga wa mchele yaliyojazwa nazi na sukari guru, yakaiva kwa mvuke. Nilimeza mate wazi. Akanitazama bila haya.

"Hii ya watu ya nyumba tu. Haitoki mlangoni. Hata binti akiolewa hapewi."

Ofisi nayo ilikuwa na amri yake: mhudumu hali chakula cha mteja. Kwa hiyo mungu wa Mausi na meneja wangu, ambao hawajawahi kukutana, walikuwa wamekubaliana kabisa kwamba Nafula arudi kwake na njaa.

Jumatano ya tarehe kumi na tisa nikashindwa kuvumilia. Nilimkuta Mausi ameketi, bakuli la unga magotini, hachori. Sanjay alikuwa amemwonyesha picha za ile nyumba ya Perry Barr. Zulia zuri, bustani, televisheni kubwa.

"Hakuna jiko," akasema. "Na mlango inafunguka kwa namba. Lakshmi hajui namba."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamweleza yote: uji, mwanamke mlangoni, kopo, lile neno la mwisho. Nikamwambia afisa anakuja kwa sababu yangu. Nililia, siwafichi. Mausi aliweka bakuli chini.

"Uji?" akauliza. "Wewe aliandika *uji*?"

"Samahani, Mausi."

"Mimi? Uji yenye mabonge hivyo?" Aliudhika kweli, na si kwa kuitwa mchanganyikiwa, bali kwa kudhaniwa mpishi mbaya. Kisha akanisukumia bakuli. "Basi utachora wewe. Mkono yako iko mbili."

Nilifikiria mchungaji wangu angesema nini. Kisha nikafikiria mpango wa huduma, ambao unasema tumsaidie mteja katika shughuli zake za kawaida, na nikaona mchungaji hajauandika yeye. Mausi akanifundisha: unakunja ngumi, unachovya upande wa kidole kidogo, unapiga sakafuni, hapo umepata wayo, kisha vidole vya mguu unavidonoa kwa ncha ya kidole. Ngumi yangu imelima shamba kabla ya kuogesha wazee. Nyayo zikatoka kubwa.

"Huyu si Lakshmi," Mausi akasema. "Huyu ni askari."

Tukazichora kandokando ya ukuta ili katikati pabaki pakavu pa kupita. Huo ulikuwa mchango wangu, wa kitaalamu. Unga ulipokauka nikapitisha kiatu juu yake. Haukuteleza.

Alhamisi asubuhi niliomba ofisi iniache kwa Mausi hadi mchana. Sanjay alifika mapema, macho mekundu, akamwinamia mama yake miguuni. Kisha akaja afisa, Bi Helen, mwanamke wa makamo mwenye begi zito. Alipoona nyayo alisimama, akavua viatu bila kuambiwa, akapita katikati. Nikampenda palepale, ingawa nilikuwa namwogopa.

Akamuuliza Mausi kwa Kiingereza leo ni siku gani.

"Alhamisi ya nne ya Margasira," Mausi akajibu. Kalamu ya Bi Helen ikasita. Mausi akaiona. "Kama unataka ya kwenu, ni ishirini Desemba."

Akaambiwa achore saa. Akaichora kwa mkono wa kushoto, ikatoka pogo, akaizungushia maua ya yungiyungi kuficha upogo. Akaulizwa vidonge vyake. Akavitaja vyote, pamoja na kile anachokitupa. Sanjay akashika kichwa.

"Je, huwa unaona watu ambao hawapo?"

"Bado," Mausi akasema. "Nimemtandikia njia tangu jana. Lakini kwa mabasi ya Birmingham, unajua mwenyewe."

Bi Helen hakucheka, ila alitazama dirishani kidogo. Kisha akafungua folda ya bluu, akasoma ile mistari minne kwa sauti. Ilisikika mibaya kuliko nilivyoikumbuka. Sanjay akasema kwa unyonge kwamba hilo ndilo linalomtisha, kwamba mhudumu mzoefu hawezi kuandika hivyo bure.

Nikasema, "Aliyeandika ni mimi. Na niliandika ujinga."

Nikaeleza sasa kwa mpangilio. Kwamba niliona mabaka meupe, hilo ni kweli, uji niliubuni. Kwamba nilisikia maneno "alikuwa kwa mlango", hilo ni kweli. Mwanamke na kule kuchanganyikiwa nilivibuni. Nikawaonyesha gorogoro, nikawaonyesha ngumi yangu. Nikasema niliyajua haya wiki mbili nikanyamaza kwa kuogopa faili langu, na kwamba kama kuna mtu aliyechanganyikiwa humu ndani tangu Novemba, ni yule aliyefuta miguu ya mgeni kisha akaandika ripoti.

Sanjay alimgeukia mama yake. "Bou," akasema, ndivyo wanavyomwita mama, "ulikuwa ukifanya Alhamisi? Peke yako? Kwa mkono mmoja?"

"Nani mwingine?" Mausi akajibu. "Wewe husimamishi simu, lakini kuja hukuji." Kijana akainama, safari hii si kwa heshima.

Bi Helen aliandika kwa dakika nyingi. Akasema atapendekeza vishikio bafuni, kigoda cha kuogea, na zamu ya asubuhi iongezwe nusu saa kila Alhamisi, kwa shughuli za kidini. Habari ya Perry Barr haitakuwapo. Akaniambia kwamba mimi nitasikia kutoka ofisini, na kweli nilisikia: barua ya onyo, na siku nzima ya mafunzo ya kuandika kumbukumbu, nimekaa mstari wa mbele na wasichana wa miaka ishirini. Nilistahili. Mwalimu wetu alisema mengi kwa saa saba ambayo Mama Beya aliyasema kwa sentensi mbili.

Bi Helen alipewa chai na biskuti za dukani, wala hakujua kwamba sufuria nzima ya khiri ilikuwa ikipoa nyuma yake. Akaondoka. Nami nikavaa koti, nikafungua folda, nikashika kalamu.

"Unaenda wapi?" Mausi akauliza.

"Zamu imekwisha, Mausi."

Akaweka bakuli tatu za chuma mezani. Akapakua yake, ya Sanjay, na ile ya tatu akaisukuma mbele yangu. Madonge mawili juu yake, sukari guru ikichuruzika.

"Mausi, hii si ya watu wa nyumba tu?"

"Nafula watatu sokoni walinifundisha," akasema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe nimekupa jembe, umechora sakafu yangu kama askari. Mgeni gani wewe? Vua koti."

Nikavua koti. Nilikula polepole, na Mausi akaniuliza kama nalo hili lina mabonge. Nilipomaliza nikarudi kwenye folda. Mhudumu hali chakula cha mteja, hilo nilikuwa nalijua, na barua ya onyo ilikuwa tayari njiani. Lakini safari hii niliandika kile macho yalichoona, basi:

*Saa saba mchana. Watu wa nyumba wamekula khiri. Jumla yao watatu.*